Mstari wa Leso

Juma lililopita Salma alikuja kuniona Utange pamoja na bintiye Nuru, wakaketi kwenye viti vyangu vya plastiki barazani, na kabla chai haijamiminwa Nuru akafungua simu yake anionyeshe picha. Alikuwa amempiga mamake picha mbele ya nyumba waliyofikia Kisauni. Uso wa Salma ulikuwa wazi, hata mikunjo ya pembeni mwa macho ungeweza kuihesabu, na nyuma yake kila kitu kilikuwa kimeyeyuka. "Tizama sasa, Bi Kadzo," akaniambia, akaburuta kidole juu ya kioo, na yale yaliyoyeyuka yakarudi polepole: mlango, ndoo ya maji, paka, na jirani mmoja aliyekuwa akianua nguo. Akaburuta tena, yakaondoka. Akacheka. Nikamwambia ni jambo zuri, nikainuka kwenda kutazama chai, na huko jikoni nikasimama na kichujio mkononi nisijue nimekishikia nini. Mimi ni mtu wa kununa, wanaonijua wanajua, lakini siku hiyo sikuwa nimenuna. Nilikuwa nalia.

Niliporudi na sinia, Salma alikuwa ananingoja. Aliolewa akapelekwa Maskati tukiwa wasichana, na sasa amerudi akiwa na mvi ili amwoze kitindamimba wake kwao. "Nuru ataka kumuona nyanyake," akasema. "Nami sina cha kumuonyesha. Kitambulisho cha mama kilichukuliwa ofisini siku tulipokwenda kuandikisha kifo, na wallahi sikuwaza hata kuomba nikitizame mara ya mwisho. Wewe ulikaa naye mwaka mzima, Kadzo. Huna hata picha moja yake?" Nikamjibu nitatafuta. Sikuwa na haja ya kutafuta. Filamu za mwaka ule zimo kwenye bati la biskuti chini ya kitanda changu, nimehama nalo nyumba nne, na najua kilichomo na kisichokuwemo. Najua pia ni kwa sababu ya nani uso wa mamake haumo. Jambo hilo sijapata kumwambia, wala sikumwambia pale barazani. Nilimkaribisha mahamri.

Namna nilivyofika kwa Bi Rukia, mamake Salma, haina kisa kirefu. Alikuwa anatafuta msichana mwenye mikono isiyotetemeka, nami nilikuwa nimetimiza miaka ishirini, nimemaliza shule na sina kazi. Nyumba yake ilikuwa Kisauni, ndani ndani, pasipofika gari. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa studio: benchi moja, pazia la kijivu, kioo cha kujitazamia, na kopo la poda kwa wageni waliofika wametoka jasho. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya chakula zamani, na humo ndimo alimosafishia picha. Dirisha aliliziba kwa mabuibui mawili makuukuu yaliyoshonwa pamoja. Kilinuka dawa, na chini ya dawa bado kilinuka pilipili manga na papa mkavu. Saa haikuwemo. Karatasi ikiingia kwenye beseni la kwanza, yeye alipima muda kwa tasbihi, moja na nusu. Mimi nilipima kwa Baba Yetu, nne zisizo na haraka. Tulisimama bega kwa bega chini ya taa nyekundu, kila mmoja akisali yake chini kwa chini, na sura ya mtu ikijitokeza majini. Siku moja akaniambia, "Kadzo, hiyo ya tatu umeruka maneno," na kweli nilikuwa nimeruka. Nimewahi kufanya kazi na watu wengi tangu hapo, na hakuna mwengine aliyejifunza sala yangu kwa kuisikia tu.

Wateja wake walikuwa wanawake tu, na kazi iliyomlisha ilikuwa kupamba. Msomaji wa bara huenda hajui: ni siku ambayo bibi harusi hutiwa hina, hupambwa, huketishwa mahali pa juu, wanawake wakaja kumtazama. Mwanamume haingii. Buibui huvuliwa mlangoni, nywele huachiliwa, asmini hutiwa kichwani, na mtu uliyemjua miaka kwa macho na sauti tu unamwona ghafla alivyo. Picha za siku hiyo haziwezi kupigwa na mwanamume wala kusafishwa na mwanamume. Studio za rangi wakati huo zilikuwa kisiwani, ng'ambo ya daraja, na waliosimama nyuma ya mashine zao ni wanaume. Kwa hiyo Bi Rukia alipiga filamu nyeusi na nyeupe, akaisafisha mwenyewe, akatoa picha mwenyewe, na alimwahidi kila mteja maneno yale yale: picha yako haitavuka daraja. Watu waliacha rangi za dhahabu na hina zipotee ili wapate ahadi hiyo. Dawa ilikuwa imemla kucha za mkono wa kulia zikawa za kahawia. Alizitia hina kufunika, na haikufunika. Kidole chake cha shahada cha mkono huo huo kilikuwa kimepinda kwenye ncha, alikibana mlangoni alipokuwa mdogo, na ndicho alichobonyezea kamera.

Alikuwa na lenzi mbili. Moja fupi, ya milimita ishirini na nane, aliihifadhi ndani ya soksi. Moja ndefu, ya mia na thelathini na tano, ilikaa kwenye kibweta chake cha ngozi. Aliziita Mfupi na Mrefu, na alizisema tabia zao mbele ya watu kama mtu anayesema wapangaji wake. "Mfupi ni mmbea," aliniambia juma la kwanza. "Ukimpeleka mahali, hurudi na habari za kila mtu, aliyeketi mbele na aliyejificha nyuma. Mrefu humuona mmoja tu. Waliosalia ukimuuliza hawajui." Nikacheka, naye hakucheka. Akaniagiza ndimu tano jikoni. Alizipanga juu ya meza, moja nyuma ya mwenzake, shubiri mbili kati ya moja na nyengine, akanipa kamera yenye Mrefu na kunisimamisha hatua tatu. Tundu la lenzi lilikuwa wazi kabisa. Nililenga ndimu ya katikati, nikaiona hadi vitundu vya ganda lake. Ya pili na ya nne zilikuwa zimekuwa ukungu. Ya kwanza na ya tano zilikuwa weupe tu. Akaniambia niendelee kulifunga tundu, na kadiri lilivyozidi kuwa dogo zile za pembeni zikaanza kurudi, lakini mwanga nao ukapungua, nikawa nakodoa macho. Kisha akamtia Mfupi, mahali pale pale, bila mimi kusogea. Ndimu zote tano zilikuwa wazi, na meza, na ukuta, na kalenda ukutani na tarehe zake.

Nilikuwa na kichwa kigumu, nikamwambia basi Mfupi ni bora, maana anaona vyote. Akanisukuma mgongoni nisogee mpaka lenzi ikakaribia kugusa ndimu ya mbele. "Na hapo?" Hapo Mfupi naye alikuwa ameanza kufuta. Akasema mambo ni matatu basi, lenzi gani, tundu kiasi gani, na umesimama karibu kiasi gani, mengine ni porojo za wanaume madukani. Halafu akaweka vidole vyake vinne juu ya shavu langu, kuonyesha kipimo. Kwa Mrefu aliyefunguliwa tundu lote, hatua tatu kutoka kwa mtu, sehemu iliyo wazi ni upana wa vidole vinne: macho, mashavu, basi. Sikio lishaanza kuondoka. Nilikisikia kipimo hicho usoni kwa muda mrefu baadaye, na leo nikifumba macho bado nakisikia.

Kwa vidole vinne hivyo ndivyo alivyowasitiri watu. Kwenye kila kupamba, kabla hajafungua mkoba wa kamera, alitandika leso moja kuukuu nyekundu, ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika, hatua mbili nyuma ya kiti cha bibi harusi. Kisha alizunguka chumba kizima, mwanamke mmoja mmoja, bibi kizee na msichana, akiwauliza kwa sauti ya chini. Anayetaka kutoka kwenye picha, uso wake uonekane, akae mbele ya leso. Asiyetaka akae nyuma, ale, acheke, aimbe, na asijali kamera imeelekezwa wapi, kwa sababu Mrefu atamfuta. Wanawake walimwamini. Waliokuwa na waume wakali walimwamini, na wenye haya, na wale waliosema nyumbani wanakwenda kumtazama mgonjwa. Niliwaona wakiketi nyuma ya kitambaa kile na mabega yao yakishuka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupigwa picha. Salma, ambaye tulikuwa hirimu moja, alikuwa akimlalamikia tukila adhuhuri, sinia moja la wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu katikati yetu. "Hata siku yangu, mama?" Naye, bila kuinua macho: "Mimi hupiga, sipigwi." Alisema hawezi kuwataka wenzake waamini leso wakati uso wake umening'inia ukutani. Mimi nilitafuna, nikaona ni jambo la kawaida, mtu na msimamo wake.

Katikati ya mwaka tuliitwa Bamburi kwa kupamba alasiri moja, na asubuhi hiyo Bi Rukia akasema amepata dharura Likoni kwa nduguye, Bi Mishi, niende peke yangu. Nilikuwa najiona fundi. Nilitandika leso, nikauliza watu, nikapiga filamu karibu yote na Mrefu kama nilivyofunzwa. Kisha jua likashuka, likaingia kwa dirisha la magharibi, na chumba chote kikawa kizuri kiasi cha kuniumiza: mikeka, masinia ya kaimati, wasichana wakipiga makofi, wazee wamenyoosha miguu. Nikaona Mrefu ataniibia haya yote. Nikamtoa Mfupi kwenye soksi, nikafunga tundu mpaka namba nane, nikawasha flashi, nikapiga moja. Moja tu, nikajiambia, ya kwangu. Nikaisafisha siku ya pili Bi Rukia akiwa bado amelala, maana alirudi amechoka sana. Dada wa bibi harusi alipokuja kuchukua picha akaiona inaning'inia kwenye kamba inakauka. Alisema haijapata kupigwa picha nzuri hivyo Bamburi. Akaniomba. Kusifiwa kulinilevya, nikampa, wakaitia fremu wakaitundika sebuleni.

Nyuma ya leso, karibu na dirisha, alikuwa ameketi mwanamke mmoja akicheka na kaimati mkononi. Nilikuwa nimemtazama wakati picha inajitokeza majini, na nilichowaza ni jinsi alivyotoka vizuri. Aliitwa Mwanaisha, shangazi wa bibi harusi, ndiye aliyemlea. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na yeye alikuwa katika eda: miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hajipambi, haendi shereheni. Alikuwa ametoka kwa mlango wa uani kwa saa moja tu amwone mtoto wake amepambwa, akatafuta pa kukaa nyuma ya leso, kwa sababu leso ilikuwa ya Bi Rukia. Mimi nimelelewa Mkristo huku Utange, nilijua eda kwa jina tu. Wifi zake Mwanaisha walipokwenda kumwona bibi harusi wakamkuta shangazi ukutani, wazi mpaka meno.

Walikuja kwetu wawili, wamevaa vizuri, wakasalimu kwa heshima. Nilikuwa stoo nasafisha filamu, kati yangu na wao mlango mmoja. "Hatukuja kugombana, Bi Rukia," mmoja akasema. "Twataka kujua tu. Leso yako siku hiyo ilikuwa wapi?" Nilikuwa kwenye Baba Yetu ya pili nikapotea, sikujua nimefika wapi. Nikamsikia Bi Rukia akijibu, "Leso ilikuwepo. Msichana ni wangu na kamera ni yangu, kwa hivyo kosa ni langu. Mwenzenu hana makosa kwa picha, na kwa lililosalia muachieni Mungu." Hawakumwachia Mungu. Mwanaisha alirudishwa kwao kabla eda haijaisha, na wanawe wawili walibaki kwa upande wa baba yao. Bi Rukia alikwenda mara tatu kuomba radhi, na mara ya tatu hakufunguliwa. Kwangu hakupandisha sauti. Tulipokaa kula alisukuma wali mbele yangu akasema, "Kula." Nikasema sina njaa. "Kula, Kadzo. Yule mama aliniamini mimi. Wewe hakujui." Nilikula nikiwa siusikii wali wala nazi, na nilipomaliza nikamtia Mfupi kwenye soksi yake, nikaifunga soksi fundo. Niliapa sitamfungua tena katika chumba cha wanawake.

Miezi mitatu baadaye ikawa zamu ya Salma. Bi Rukia alikuwa amepungua, shingo imetoka mifupa. Tukimuuliza alisema anafunga sunna. Jambo moja nililisikia wakati huo nikalipa maana yangu. Alikuwa uani na jirani aliyetaka kumpeleka mahali fulani, akamwambia, "Mpaka harusi ipite, kisha nitakwenda popote," nami nikadhani ni habari ya kumtafuta fundi wa paa. Juma la harusi Salma alimshika tena, huku akinyoosha nguo yake ya kupambiwa: "Ukae karibu yangu, mama. Karibu kabisa." Nilimsubiri aseme yeye hupiga, hapigwi. Alisema, "Nitakaa."

Siku yenyewe alinikabidhi kamera, kwa kuwa mama wa bibi harusi hawezi kuwa na mikono yenye kazi. Alikuwa amejitia wanja na asmini, jambo nililoliona mara ile moja tu. Mlangoni akaniuliza, "Mfupi umemchukua?" Nikasema, "Yumo mkobani, Bi." "Haya. Ni vyema." Akazunguka chumba akiuliza wanawake mmoja mmoja, na safari hii alikaa kwa kila mmoja muda mrefu, akimshika mkono, na niliona wengine wakitikisa kichwa kukubali. Kisha akaketi nyuma ya kiti cha Salma, juu ya ile leso iliyokuwa imetandikwa tayari. Nikafungua mkoba. Nilipoinua macho alikuwa ameinama, ameitoa leso chini yake, anaikunja. Aliikunja mara nne, akaiweka mapajani, akanitazama.

Nimeurudia mtazamo huo mara nyingi kuliko jambo lolote maishani mwangu. Wakati ule nilichowaza ni kwamba amechoka, au amesahau, au leso imemkera magotini. Kichwani mwangu nilikuwa na Mwanaisha na kaimati yake. Nikaigusa soksi, nikalikuta fundo, nikaliacha. Nikamtia Mrefu, nikafungua tundu lote, nikasimama hatua tatu, nikampiga Salma mara ishirini na nne. Nilikuwa najivunia, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilijiambia hata bila leso mimi nimeweka mstari.

Filamu ilipokauka nikampelekea uani, alikokuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi bila kukuna nazi. Akaiinua angani akaipitisha mbele ya jicho, kipande kimoja kimoja, mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Nilisimama nikisubiri. Alisema, "Umefanya kama nilivyokufundisha." Akaomba maji. Nilikwenda kuyaleta nikiwa na furaha, maana hakuwa mtu wa kusifu, na furaha hiyo nilikaa nayo majuma matano. Juma la tano tulimzika.

Kwenye matanga niliwekwa jikoni kukata vitunguu. Bi Mishi, yule nduguye wa Likoni, alikuwa kando akipepeta mchele na mwanamke mwengine, wakizungumza kwa sauti ya chini. "Alijua," Bi Mishi alisema. "Ile siku aliyompeleka msichana Bamburi peke yake, alikuja kwangu nikamsindikiza hospitali, na huko ndiko alikoambiwa. Akanambia, Mishi, siku ya Salma nitapigwa. Nitawauliza wanawake wote, nao wakikubali leso nitaiondoa, nitoke na mwanangu angaa mara moja. Alhamdulillahi alikipata alichotaka." Niliendelea kukata. Vitunguu vilinisitiri, hakuna aliyeniuliza kitu. Salma aliondoka na mumewe baada ya arubaini, nikampa albamu ya picha kumi na mbili, bibi harusi mzuri na nyuma yake ukungu wa kijivu, akanikumbatia akashukuru.

Sitasema nimejilaumu peke yangu miaka yote hii. Bi Rukia nimemkasirikia pia. Neno moja lingetosha. "Kadzo, leo tia Mfupi." Nimemgombeza nikifua, nikitembea, nikiwa kanisani Baba Yetu ikifika mahali nilipokuwa naruka. Lakini nimezeeka, na nadhani naelewa kidogo. Mtu aliyesema hapana maisha yake yote, mbele ya wanawake waliomwamini kwa hapana hiyo, ndiyo haimtoki kirahisi. Aliniambia kwa njia aliyoiweza. Alikuwa amenifundisha leso ile kwa miezi tisa, akaamini naweza kuisoma hata ikiwa imekunjwa. Nami, kama nisingefanya lile la Bamburi, ningeisoma.

Baada ya Salma na Nuru kuondoka kwangu nilifungua bati. Niliweka filamu juu ya kioo cha taa na kuipitia kwa lenzi ya kukuzia, nikijua nitakachoona. Kwenye picha ya kumi na saba nikasimama. Sikuwahi kuitoa kwenye karatasi, kwa sababu Salma amefumba macho na kichwa kimegeuka, picha ya kutupwa. Nyuma yake ni ule ukungu. Lakini juu ya bega lake upo mkono, umetoka kwenye ukungu na vidole vimeshuka kifuani, na vidole hivyo vilikuwa ndani ya upana wa vidole vinne. Viko wazi kabisa. Kucha zimekoza, hina na dawa, na cha shahada kimepinda kwenye ncha. Niliipiga filamu ile kwa kamera yangu ya sasa na kuichapa kwa mashine yangu ndogo hapa hapa nyumbani. Haikuvuka daraja.

Jana nikaenda Kisauni. Nyumba imeanza kujaa wageni wa kupamba kwa Nuru, na mlangoni wameweka kikapu kikubwa cha ukili cha kukusanyia simu siku hiyo. Tuliketi chumba cha ndani, sisi watatu, na mkate wa sinia katikati ambao hakuna aliyeukata. Nikampa Salma bahasha. Aliitoa picha, akaitazama, akafunika mdomo. "Huu ni mkono wake," akasema. Nuru akasogea. "Na uso uko wapi?" Mamake akamwonyesha ukungu. Nuru akaweka kidole juu ya karatasi, akakiburuta kidogo, pengine hakujua anafanya hivyo, kisha akakitoa akaona haya. Hapo nikasema yote. Nilianza na ndimu, nikasema Bamburi, Mwanaisha, fundo kwenye soksi, leso iliyokunjwa mara nne, jiko la matanga. Nilisema nikimtazama Salma magotini kwa kuwa usoni sikuweza.

Salma aliilaza picha gotini. "Ungenambia wakati ule ningekuchukia, Kadzo," akasema. "Sasa sijui. Ngoja kwanza." Akarudi kwenye picha. Nilingoja. Nje walikuwa wakishusha viti vya kukodi, na mtu alikuwa akiita wengine waje wavipokee.

"Wajua hapa kwa nini nimefumba macho?" akaniuliza.

Nikasema sijui, nilidhani ni flashi, kisha nikakumbuka siku hiyo sikuwasha flashi.

"Alisogea akainama akaninong'oneza. Nilikuwa nalia, mabega yanatikisika. Akaniwekea mkono. Akanambia, tulia mwanangu, usitikisike, tutoke sote wawili."

Niliitazama tena picha iliyokuwa mikononi mwake. Salma alikuwa ametikisika kidogo, ukitazama vizuri kope zake zimejirudia. Mkono wa Bi Rukia ulikuwa umetulia.